Mpira mwekundu kwanza: tenisi kwa watoto wa kambi ya likizo

Kambi ya likizo ya wiki moja humpa mtoto vipindi kama kumi vya tenisi, vya saa moja au saa na nusu. Ukitoa muda wa kunywa maji, kuokota mipira na kusubiri zamu, kinachobaki ni kidogo. Hakitoshi kumjengea mtoto pigo zuri la kudumu. Kinatosha kabisa kumfikisha mahali pa kurudishiana mpira na mwenzake mara kumi, kuanzisha pointi kwa sevu na kuhesabu mwenyewe. Kambi inayolenga hayo hutoa watoto wanaocheza tenisi. Ile inayolenga pigo zuri huishia na foleni ndefu ya watoto, kila mmoja akipiga mipira mitatu na kurudi mwisho wa mstari, na kufikia siku ya tatu nusu yao wanauliza bwawa la kuogelea linafunguliwa saa ngapi.

Kinachowakwamisha wengi ni vipimo. Mpira wa kawaida wa tenisi ukiangushwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, kanuni zinautaka udunde hadi kati ya sentimita 135 na 147. Mtoto wa miaka 7 ana urefu wa kama sentimita 120. Kwa hiyo mpira uliodunda vizuri unampita kichwani. Atafanya nini? Atainua kiwiko, atazungusha kiganja kiende chini ya mpini, na atausukuma mpira kutoka usawa wa uso. Kocha anaona mshiko mbovu, anausahihisha, dakika mbili baadaye umerudi palepale. Lazima urudi, maana ndio mshiko pekee unaoufikia mpira ulioko juu kiasi hicho. Badilisha mpira kwanza, mshiko utanyooka kwa nusu ya maneno.

Mipira ya watoto iko ya ngazi tatu. Mwekundu ni mkubwa kidogo kuliko wa kawaida na mwepesi zaidi: gramu 36 hadi 49, wakati wa kawaida ni gramu 56 hadi 59.4. Kwa jaribio lilelile la sentimita 254, mwekundu hudunda hadi sentimita 90 mpaka 105, yaani kati ya kifua na kidevu cha mtoto yule wa miaka 7. Wa rangi ya machungwa hufika 105 mpaka 120, na wenye nukta ya kijani 120 mpaka 135. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kubadilisha kanuni: tangu 2012, mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini hayachezwi kwa mpira wa kawaida wa manjano. Kambini mimi ningekwenda mbali zaidi: mtoto yeyote asiyewahi kushika raketi, hata awe na miaka 12, aanze na mwekundu siku ya kwanza. Akiuweza kwa saa moja, mpandishe. Kumpandisha mtoto ni furaha, kumshusha ni aibu.

Mipira ya zamani ya kawaida iliyoisha upepo hudunda chini, na kambi nyingi hujaza ndoo kwa hiyo. Inasaidia, lakini uzito wake haujapungua. Mkono wa mtoto mdogo unausikia kila pigo, na kifundo kinalegea. Itumie kwa wakubwa.

Raketi nayo hupimwa kwa inchi. Inchi 21 humfaa mtoto wa miaka 5 au 6, inchi 23 wa miaka 6 hadi 8, inchi 25 wa miaka 8 hadi 10, inchi 26 wa 10 hadi 12. Inchi 27 ni ya mtu mzima. Umri lakini hudanganya, kwa hiyo mpime aliyesimama mbele yako: aishike raketi mwisho wa mpini, mkono ukining'inia ubavuni bila kukunjwa. Kichwa cha raketi kikigusa ardhi kidogo tu, au kikiikosa kwa vidole viwili, inamfaa. Ikibidi akunje kiwiko ili raketi isimame wima, ni ndefu. Ukikosea, kosea kwa kumpa fupi. Raketi ndefu ya kaka yake ("atakua nayo") ndiyo inayozaa watoto wanaoshika katikati ya mpini na kuburuta kichwa cha raketi nyuma ya mwili.

Kugawa uwanja

Uwanja mdogo wa mpira mwekundu una urefu wa karibu mita 11, na upana wa mita 5.5 hivi. Wavu wake ni sentimita 80. Sasa angalia: upana wa uwanja mzima wa tenisi, ukihesabu na vichochoro vya pembeni vinavyotumika wakicheza wawili wawili, ni mita 10.97. Kwa hiyo viwanja vidogo hulazwa kwa upana, na mistari ya pembeni ya uwanja mkubwa inageuka kuwa mistari ya nyuma ya viwanja vidogo. Kila nusu ya uwanja ina mita 11.89 kutoka wavuni hadi mstari wa nyuma, hivyo inaingia viwili. Uwanja mmoja unakuwa vinne, na watoto wanane wanacheza kwa wakati mmoja. Wakicheza wawili wawili, ni kumi na sita.

Wavu wa muda ni kamba. Funga upande mmoja kwenye utepe mweupe ulioshikilia katikati ya wavu mkubwa, chini kidogo ya ukingo wa juu maana pale wavu una sentimita 91.4, kisha ivute hadi uzio wa nyuma. Kamba ndefu hivyo italala katikati, hata uivute vipi. Weka viti viwili au fito njiani kuiinua, na pima sentimita 80 pale inapolala zaidi, usipime karibu na uzio. Ning'iniza vitambaa au mikanda ya plastiki kila baada ya mita moja hivi. Bila vitambaa, ugomvi wa "umepita juu", "umepita chini" hauishi.

Mipaka ya pembeni chora kwa chaki au weka alama bapa za raba za kulaza sakafuni. Koni za kusimama zisitumike ndani ya eneo la kukimbilia, watazikanyaga. Hilo hilo kwa mipira: mpira uliolala nyuma ya mchezaji ni kifundo cha mguu kinachosubiri kuteguka. Kanuni ya kambi iwe kwamba pointi haianzi mpaka mipira yote iko ndooni au nje ya uzio.

Saa ya kwanza

Saa ya kwanza raketi zikae chini kwa dakika kumi na tano. Watoto wawili wawili, kamba katikati, mmoja anarusha mpira kwa mkono kutoka chini, mwenzake anaudaka baada ya kudunda mara moja. Ni mchezo wa kitoto, ila ndani yake mna kila kitu ambacho tenisi inadai kabla ya raketi: kusoma mpira utadunda wapi, kufika pale mapema, kusimama na mpira mbele ya mwili. Mtoto asiyeweza kuudaka mpira uliodunda hawezi kuupiga, na hakuna maelekezo ya mkono yatakayomsaidia. Mwongeze dakika za kudaka.

Kisha raketi. Kudundisha mpira chini kwa raketi mara 20, kuurusha juu kwa nyuzi mara 20, halafu kugeuza upande wa raketi kila pigo. Wa miaka mitano wanaweza kuanza kwa kuviringisha mpira ardhini kwa raketi, wakitembea juu ya mstari.

Mshiko wa kwanza ni wa kusalimiana. Usimwambie mtoto aokote raketi iliyolala chini. Karibu kila mmoja ataiokota kiganja kikiwa juu ya upande bapa, kama anayeshika kikaango, na huo ndio mshiko unaompa kiwiko cha juu hapo baadaye. Mwambie hivi: simamisha raketi mbele yako kwa mkono mwingine, nyuzi zikitazama kushoto na kulia, weka kiganja bapa juu ya nyuzi, kiteremshe hadi mwisho wa mpini, kisha funga vidole. Kiganja kikilingana na nyuzi, kila anachofanya kiganja ndicho kinachofanywa na raketi. Mtoto hahitaji kujua kwamba mpini una pande nane. Kocha anahitaji.

Pigo la kwanza ni foahendi, pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, ya kujidundishia mwenyewe. Mtoto asimame ubavu, anyooshe mkono usio na raketi mbele kidogo ya mguu wa mbele, auachie mpira. Auachie tu, asiurushe. Ukidunda na kuanza kushuka kuelekea kiunoni, apige, raketi ikitoka chini ya mpira na kumalizia juu ya bega la upande wa pili. Hapa makosa matatu hujirudia. La kwanza, anaurusha mpira juu kwa wasiwasi, mdundo unakosa mahali, kila pigo linakuwa jipya. La pili, anauangusha karibu na mguu wake, mkono unabanwa kwenye mbavu. Mwekee alama ardhini, hatua moja mbele na nusu hatua pembeni, aigonge hiyo. La tatu ni kuogopa: anasimamisha raketi ikigusa mpira. Mwambie amalize kwa kushika shingo ya raketi kwa mkono wa pili juu ya bega. Asiyesimama njiani ndiye atakayefika pale.

Mpira wenyewe hukuambia kosa, na kocha anayeusoma hana haja ya kuchunguza mkono. Kwa anayepiga kwa kulia, foahendi inayokimbilia kulia imechelewa: raketi imekutana na mpira ukiwa umeshaufikia mwili. Inayokatiza sana kushoto imewahi, au ameivuta kwa mwili mzima. Inayopaa angani, nyuzi zilitazama juu. Inayozama wavuni ina sababu mbili zisizofanana, na tiba ya moja huharibu nyingine: ama nyuzi zilitazama chini, ama raketi ilikwenda bapa bila kupanda. Tazama raketi inakoishia. Ikiishia usawa wa kiuno, tatizo ni kupanda. Ikiishia juu ya bega na bado mpira umezama, tatizo ni uso wa raketi.

Kurudishiana

Kufikia kipindi cha pili watoto wawe wanarudishiana. Kuna makocha wasiokubali: wanataka pigo liimarike kwanza kwa kulishwa mipira kutoka ndooni. Kulisha kuna nafasi yake, na kulisha kwa mkono kutoka mita tatu ni bora kuliko kwa raketi kutoka ng'ambo, kwa sababu mpira unakuja mahali pamoja kwa mwendo mmoja. Lakini mpira wa ndooni haufundishi kufika. Mtoto aliyelishwa siku nne hupiga vizuri akisimama, na siku ya tano mwenzake anapomrudishia mpira uliopinda nusu mita, anauangalia ukipita.

Anzeni na mmoja akirusha kwa mkono na mwingine akipiga, arushaye audake mpira uliorudi. Kumi, badilishaneni. Halafu wote wawili na raketi, wakisaidiana, lengo likiwa kufika nne. Halafu kumi. Jozi ziandike rekodi zao ubaoni. Rekodi ya jozi inamfanya mwenye uwezo ampigie mwenzake mpira mwema, na hilo ni zoezi la kulenga ambalo usingeweza kulipata kwa kuamuru.

Hapa ndipo mahali pa kufundisha miguu, si mapema. Mara mpinzani anapogusa mpira, mchezaji hufanya kiruko kidogo na kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamelegea. Sentimita chache zinatosha. Kocha apige kelele "hop!" kila mpira unapogongwa, kisha watoto wajisemee wenyewe. Wanaotua kabla ya mpira kupigwa wanabaki wamekwama kama mti uliopandwa, na wanaotua baadaye bado wako hewani mpira ukiwapita.

Bekihendi, pigo la upande wa pili wa mwili, kwa watoto wengi iwe ya mikono miwili. Mkono wenye nguvu uwe chini, ukishika kama anayeshika nyundo tayari kugonga msumari. Mkono wa pili juu yake, ukigusana nao, kwa mshiko wa kusalimiana. Angalia wasibadilishe mpangilio. Watoto kadhaa katika kila kundi huweka mkono wenye nguvu juu, mikono inapishana, na pigo linafungwa katikati. Kinachofanya kazi hasa ni mkono wa juu, kwa hiyo mpe wa kulia dakika tano za kupiga kwa mkono wa kushoto pekee, ameshika juu kidogo ya mpini. Atacheka, atakosa, kisha bekihendi yake itaanza kwenda.

Voli, kupiga mpira kabla haujadunda, haihitaji mengi kambini. Mtoto adake mpira hewani kwa mkono mtupu mbele ya uso, halafu afanye vilevile kwa nyuzi. Raketi isirudi nyuma ya bega.

Sevu

Watu huiogopa sevu na kuiacha hadi siku ya mwisho. Ifundishe siku ya pili, kwa kurusha. Mtoto anayejua kurusha mpira kwa mkono kutoka juu ya bega tayari ana nusu ya sevu, na asiyejua atafundishwa kurusha kwanza, akisimama ubavu, kiwiko juu, mpira ukivuka kamba hadi boksi la mpinzani.

Kisha raketi iwekwe nyuma ya kichwa tayari, kama inayokuna mgongo, bila mzunguko wa maringo. Kurusha mpira juu ndiko kunakoharibu sevu nyingi. Mpira ushikwe kwa ncha za vidole, mkono upande juu ukiwa umenyooka, mpira uachiwe usawa wa macho. Pima hivi: arushe, asipige, auache udunde. Ukiangukia kama sentimita 30 mbele ya mguu wa mbele, uko sawa. Ukiangukia nyuma ya kichwa, mgongo utapinda na sevu itapaa kupita mstari wa nyuma. Na watoto waambiwe jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui: ukirusha vibaya unaruhusiwa kuudaka mpira na kuanza upya, ilimradi hukujaribu kuupiga. Kupiga sevu kutoka chini pia ni halali kikanuni. Mtoto aliyekosa mbili za juu mfululizo aruhusiwe ya chini, pointi ichezwe. Sevu isiyoingia huua mchezo kuliko sevu dhaifu.

Kuhesabu

Kumi na tano, thelathini, arobaini, yaani pointi za tenisi zinavyohesabiwa, ni hesabu inayochanganya, na mtoto wa miaka 6 anaihesabu pamoja na kupiga, kukimbia na kukumbuka zamu ya nani. Mwache ahesabu moja, mbili, tatu mpaka saba au kumi. Hesabu ya kweli ije siku ya nne kwa walio tayari, na waitaje kwa sauti kabla ya kila pointi, wakianza na pointi za anayepiga sevu. Ugomvi mwingi wa kambini hauhusu mpira, unahusu watoto wawili waliohesabu kimya kimya.

Mengine ya kusema mapema: mpira uliogusa mstari ni mzuri. Kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake, na akiwa hana uhakika, pointi ni ya mpinzani. Sevu iliyogusa wavu na kuingia hurudiwa.

Kwa mashindano ya siku ya mwisho, epuka ule mchezo wa mshindi kubaki uwanjani na wengine kupanga foleni. Anayehitaji kucheza zaidi ndiye anayekaa zaidi. Panga viwanja vinne kwa ngazi, cheza dakika tano kwa kengele, mshindi apande kiwanja kimoja, aliyeshindwa ashuke. Baada ya mizunguko sita kila mtoto amejikuta akicheza na anayelingana naye, na hakuna aliyetolewa.

Mambo ya usalama ni machache. Wapangie nafasi ambayo mtoto akinyoosha mkono na raketi na kuzunguka hamfikii mwenzake, na anayepiga kwa kushoto umweke mwisho wa mstari, maana raketi yake inazunguka upande ambao jirani hautegemei. Maji kila robo saa wakati wa jua kali. Kiatu kiwe na soli bapa inayoshika pembeni. Cha kukimbilia chenye kisigino kinene hupinduka mtoto akisimama ghafla kwa ubavu.

Anayeondoka kambini na raketi yake na mipira miwili myekundu anachohitaji tu ni ukuta. Uchorwe mstari kwa chaki sentimita 80 kutoka ardhini, asimame mita nne au tano, na aruhusiwe mpira udunde mara mbili kabla ya kupiga. Ukiukataza mdundo wa pili atasogea karibu na ukuta ili auwahi, pigo litafupika, na kiwiko kitaanza kupanda tena.